Kwa Nini Redio ya Gari Lako Bado Inaishi Japani

Leo nataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu tunakitazama kila siku bila kukiuliza swali lolote: redio ya gari lililoletwa kutoka Japani, pamoja na ile skrini yake ya ramani.

Washa Toyota, Nissan, Honda au Mazda nyingi zilizoshukia bandari ya Mombasa, na kabla injini haijatulia utasikia sauti ya mwanamke akiongea Kijapani kwa adabu sana. Wengi hudhani anatukaribisha. La hasha. Anatuambia kwamba kadi haijaingizwa. Kadi anayoitaka ni ya ETC, mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama, ambao ulienea nchini humo kuanzia mwaka 2001. Gari limeuzwa, limevuka bahari, limepewa namba za Kenya, lakini yeye bado anadai kadi kila asubuhi. Hata ukipanda Nairobi Expressway, ambako tangu 2022 kweli tunalipa, kadi anayoidai haina kazi.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Redio hizi zimekataa kabisa. Zimekuja kwetu na macho yote mawili na hazijavunja hata moja. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ndiyo maana mambo haya hunikera na kunifurahisha kwa pamoja. Mtu akiniambia redio yake "imeharibika" kwa sababu haishiki vituo, au saa yake imepotea, au ramani yake ni tupu, mara nyingi ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika. Kifaa kinafanya sawasawa kile kilichoamriwa. Shida ni kwamba aliyekiamuru hakuwahi kufikiri kwamba kuna nchi nyingine.

Hebu basi tufuate historia yake, maana bila historia hiyo hata pesa tunazolipa mafundi hatuwezi kuzielewa.

Ramani kabla ya setilaiti

Watu wengi huamini ramani za magari zilianza na GPS. Hazikuanza hivyo. Mwaka 1981 Honda walitoa nchini Japani kifaa kilichoitwa Electro Gyrocator, kikapatikana kwenye Accord na Vigor. Hakikuwa na mawasiliano yoyote na setilaiti. Ndani yake kulikuwa na jairoskopu ya gesi ya heliamu iliyohisi gari linapogeuka, na kihisi kingine kilichopima umbali kwa mizunguko ya magurudumu. Ramani ilikuwa karatasi angavu ambayo dereva aliichomeka mbele ya skrini, na alama ya gari ikatembea nyuma yake. Ukimaliza eneo moja, unachomoa karatasi na kuweka nyingine.

Mwaka 1987 Toyota Crown ilipata skrini ya rangi na ramani zilizohifadhiwa kwenye CD. Mwaka 1990 Mazda wakauza Eunos Cosmo, gari lililotoka kiwandani likiwa na mfumo wa GPS uliotengenezwa na Mitsubishi Electric, na mwaka huohuo Pioneer wakatoa AVIC-1, kifaa cha GPS ambacho mwenye gari angeweza kununua dukani na kufungiwa. Kumbuka kwamba mwaka 1990 setilaiti za GPS zilikuwa bado hazijatimia. Mfumo ulitangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Tena Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi mawimbi ya raia, hata kosa likafikia kama mita 100, mpaka ilipoacha mwanzoni mwa Mei 2000. Mita 100 mjini ni barabara nyingine kabisa!

Kwa hiyo wahandisi wa Kijapani hawakuiamini setilaiti peke yake. Walichanganya jairoskopu, waya unaoleta habari za mwendo kutoka kwenye gurudumu, na programu inayosema "gari haliwezi kuwa juu ya paa la nyumba, basi lirudishe kwenye barabara iliyo karibu." Ule waya wa mwendo bado upo nyuma ya redio nyingi tunazozileta. Fundi akitoa redio na kuacha waya mmoja ukining'inia, mara nyingi ni huo.

Kwa nini Japani ndiyo iliyotangulia? Sababu moja utaielewa haraka ukiwa Mkenya. Miji ya Japani kwa sehemu kubwa haina majina ya mitaa. Anwani hutaja eneo, kisha namba ya kipande cha ardhi kati ya njia, kisha namba ya nyumba, na namba za nyumba mara nyingi zilifuata nani alijenga kwanza na si nani anapakana na nani. Kumfikia mgeni wako ilikuwa kazi. Kampuni ya Zenrin, iliyoanzishwa Beppu mwaka 1948, ilikua kwa kuchora ramani zinazoonyesha nyumba mojamoja na jina la mwenyewe. Sisi nasi tunaelekezana kwa "ukifika petroli, uliza kwa mama wa mboga." Tofauti ni kwamba wao waliiandika elimu ya mama wa mboga, wakaiuza kwenye CD, baadaye kwenye DVD kuanzia 1997, kisha kwenye hadi diski kuanzia 2001, na mwishowe kwenye kadi ndogo za SD.

Ramani hizo zilikuwa kazi ya miaka mingi na zilikuwa nzuri mno. Lakini zilikuwa za Japani tu. Gari likifika Nairobi, kipokezi cha GPS kinafanya kazi bila wasiwasi, kwa kuwa setilaiti hazina mipaka. Kifaa kinajua kabisa kwamba kiko digrii 1 na kidogo kusini mwa ikweta. Kinachokosekana ni cha kuchora. Nimeona skrini ambazo alama ya gari inaelea mahali patupu pasipo barabara wala mto, na nimeona nyingine ambazo zimeng'ang'ania mtaa wa mwisho zilipozimwa. Siku moja nilibonyeza kitufe cha nyumbani kwenye gari la rafiki yangu. Redio ikafungua ramani ya mji wa Japani na kuweka alama juu ya nyumba ya mtu. Mwenye gari wa kwanza aliuza gari lake na hakufuta anwani yake. Kwenye redio zenye hadi diski utakuta hata muziki wake, nyimbo alizonakili kutoka kwenye CD zake. Jambo hilo tulicheke, lakini tulikumbuke siku tutakapouza la kwetu.

Bendi nusu

Sasa tuje kwenye lalamiko kubwa kuliko yote: redio haishiki vituo. Japani ilitenga FM yake kati ya megahezi 76 na 90. Kenya, kama nchi nyingi duniani, inatumia 87.5 hadi 108. Ukilinganisha, redio ya Kijapani na Nairobi zinakutana kwenye kajisehemu kadogo tu karibu na 88 hadi 90.

Je, Wajapani walikuwa na ukaidi? Hapana. Nafasi kati ya megahezi 90 na 108 walikuwa wameshaipa televisheni. Chaneli ya 1 ilikaa kati ya 90 na 96, ya 2 kati ya 96 na 102, ya 3 kati ya 102 na 108. FM ikabaki na kilichosalia chini yake. Redio nyingine za Kijapani ziliweza hata kunasa sauti ya televisheni ya chaneli hizo tatu. Televisheni hiyo ya analojia ilizimwa tarehe 24 Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko la Machi mwaka huo, ambayo ilingoja hadi 31 Machi 2012. Nafasi ilipobaki wazi, kuanzia 2014 Japani ikaruhusu vituo vya AM kurusha matangazo yao pia kwenye FM hadi megahezi 95. Ndiyo sababu redio za magari ya miaka ya karibuni huenda mpaka 95 na zile za zamani hukomea 90. Uamuzi wa ofisini Tokyo kuhusu televisheni umekuja kuonekana kwenye dashibodi ya Probox iliyoegeshwa Gikomba.

Mafundi wetu walilijibu tatizo hili kwa kijisanduku kidogo kinachoitwa ekspanda. Kinakaa kati ya antena na redio. Ndani yake kuna kristali inayotetema kwa kasi maalumu, tuseme megahezi 20, na sakiti inayochanganya mtetemo huo na mawimbi yanayotoka kwenye antena. Mawimbi mawili yakichanganywa huzaa mengine, na mojawapo ni tofauti ya hayo mawili. Basi kituo cha 98.4 kinateremka hadi 78.4, na redio inakipokea kana kwamba ni cha Japani. Nairobi utaipata Capital FM kwenye 78.4, Kiss kwenye 80.3, Radio Citizen ya 106.7 kwenye 86.7. Ni kutoa tu, hesabu ya darasa la tatu, lakini imefanywa kwa stima.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo ina ukatili wake. Bendi ya Kijapani ina upana wa megahezi 14 tu, na yetu ina zaidi ya 20. Huwezi kumvisha mtu mzima shati la mtoto. Kwa ekspanda ya 20, sehemu ya 76 hadi 90 inakuwa 96 hadi 110. Kila kilicho chini ya 96 kinaanguka nje. Radio Taifa ya 92.9 jijini Nairobi ingeteremka hadi 72.9, na redio ya Kijapani haijui kuna namba kama hiyo. Kuna magari ambayo kwa miaka mingi yalishika vituo vya burudani vyote na hayakuweza kushika redio ya taifa, kwa sababu ya kristali moja. Fundi anayejua kazi yake hukuuliza kwanza unasikiliza nini, kisha anachagua ekspanda. Asiyejua hukufungia iliyopo mkononi.

Wengine hawakutaka kufungua dashibodi hata kidogo. Walinunua modyuleta, kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, wakaweka kumbukumbu ya USB yenye nyimbo, wakarusha muziki wao kwenye 88 na pointi kadhaa, palepale bendi mbili zinapokutana. Akili za watu hazina mwisho.

Vitu vingine havikuwa na tiba. Redio nyingi za wakati huo zilikuja na tundu la MD, diski ndogo ambayo Sony waliileta sokoni mwaka 1992 na ambayo Japani waliipenda sana. Huku kwetu karibu hakuna aliyekuwa nayo, kwa hiyo tundu likabaki la kuwekea vumbi. Sony walikoma kutengeneza diski tupu za MD Februari 2025. DVD nazo ziligawanywa kwa maeneo, Japani ikawa eneo la 2 na Kenya eneo la 5, hivyo filamu halali uliyonunua dukani ingeweza kukataliwa na mashine ya gari huku ile ya kunakiliwa ya mtaani ikicheza bila shida. Televisheni ya dijitali ya Japani hutumia mfumo wa ISDB-T na yetu hutumia DVB-T2, basi kitufe cha TV hakina msaada wowote.

Saa inayosema Kiswahili

Kuna kosa moja ambalo mimi nalipenda. Redio yenye GPS haikuombi urekebishe saa, hupata wakati kutoka kwenye setilaiti, wakati wa dunia nzima, kisha hujumlisha saa 9 kwa sababu Japani iko saa 9 mbele. Kenya iko saa 3 mbele. Matokeo yake ni kwamba redio inatutangulia kwa saa 6 kamili, na nyingi hazina mahali pa kubadilisha.

Saa sita! Hebu fikiri. Asubuhi simu yako inaposema 7:00, redio iliyowekwa kwenye mpango wa saa 12 inasema 1:00. Na sisi tunaiitaje 7:00 asubuhi? Saa moja. Simu ikisema 10:30, redio inasema 4:30, na kwetu ni saa nne na nusu. Bila kukusudia, mhandisi wa Kijapani alitengeneza saa ya gari inayosoma saa za Kiswahili kuliko saa yoyote iliyowahi kuuzwa Afrika Mashariki kwa makusudi. Wanaopeleka gari kwa fundi "airekebishe saa" nawashauri waanze kwa kuisoma kama bibi zao walivyosoma.

Lakini chini ya kichekesho hicho kuna somo. Ile namba 9 imepigiliwa msumari ndani ya programu. Aliyeiandika alikuwa na haki, gari liliuzwa Japani. GPS yenyewe ina msumari kama huo: huhesabu wiki kwa namba isiyozidi 1,024, kisha huanza tena sifuri. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1999, na nchini Japani baadhi ya vifaa vya ramani za magari vilikwama. Mara ya pili ilikuwa Aprili 2019. Kifaa kisichofundishwa jambo hilo hurudi nyuma miaka 19 na miezi kama saba. Kwa hiyo hata Wajapani wenyewe waliwahi kuumwa na dhana za programu zao.

Kuchelewa kwa miaka minane

Baada ya uchumi wetu kufunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, magari ya mtumba yaliingia kwa wingi. Japani na Kenya zote huendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia, jambo ambalo si dogo. Kisha kiwango cha KS 1515:2000 kikaweka kwamba gari lisizidi umri wa miaka 8. Watu wengi hununua gari lililokaribia kikomo hicho kwa sababu ndilo wanaloliweza. Maana yake ni kwamba dashibodi zetu huonyesha Japani ya miaka saba iliyopita, kila mwaka, bila kukosa. Enzi ya kanda ilifika ikiwa imepita kwao, CD vivyo hivyo, hadi diski vivyo hivyo. Ukitaka kujua fundi wa Kirinyaga Road atahangaika na nini kesho, tazama Wajapani walinunua nini juzi.

Mkokotoo huo ndio ulioleta shida kubwa kuliko zote, ile ya kufuli.

Nani mwenye redio?

Wezi wa redio walikuwa tatizo hata Japani, kwa hiyo watengenezaji waliweka ulinzi. Baadhi ya redio za Toyota, betri ikitolewa, hujifunga na kuonyesha namba ndefu ya ERC. Ili zifunguke zinahitaji namba nyingine inayolingana nayo. Nyingine huanza kazi kwa kusoma kadi ya SD ya ramani, na kadi ikipotea redio nzima hukataa, hata FM. Kunakili mafaili ya kadi ya mwenzako mara nyingi hakusaidii, maana redio huangalia pia kitambulisho kilichochapwa ndani ya kadi kiwandani.

Sasa fikiria mtu wetu. Mzee mmoja jirani yangu, dereva wa teksi, alibadilisha betri kwenye duka moja la vipuri. Jioni akanijia, "Kijana wa kompyuta, hebu niangalizie, gari linanitukana." Skrini ilikuwa imejaa maandishi ya Kijapani. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba kompyuta ya injini imekufa, na alikuwa ameanza kutafuta pesa za kuinunua nyingine. Siku nzima hakubeba abiria. Nilipiga picha maandishi yale, simu ikayatafsiri, tukaona ni redio tu inaomba namba yake. Injini ilikuwa nzima kama ilivyotoka Mombasa. Nikamwambia, "Mzee, gari halikutukani. Linakuuliza kama wewe ni mwizi." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimelilipia ushuru, na bado linaniuliza?"

Swali lake ni zito. Ulinzi ule ulimlinda Mjapani aliyenunua gari jipya na kupewa karatasi zake. Mnunuzi wa pili, wa tatu, aliye bara jingine, hakupewa kitu. Mlango uliotengenezwa kumzuia mwizi ukamfungia mwenye nyumba nje. Palepale biashara ikazaliwa. Watu wakachambua programu za redio zile, wakapata fomula inayobadilisha namba ya ERC kuwa namba ya kufungua, na leo kuna mafundi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala wanaokufungulia baada ya kuwatumia picha ya skrini. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba usalama wa mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa mfumo wenyewe, bali ufunguo peke yake. Fomula moja ikishatoka, kila redio ya aina hiyo imefunguka, kwa mwenye gari na kwa mwizi vilevile. Kwa hiyo kufuli hili limeshindwa mara mbili: halimzuii mwizi tena, na bado linamtoza mzee wa teksi.

Kung'oa na kuanza upya

Wakati haya yakitokea, ramani zetu zilikuwa zikichorwa mahali pengine. Mwaka 2008 Google walifungua Map Maker, na Wakenya wakachora barabara zao wenyewe. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora Kibera kwenye OpenStreetMap katika mradi wa Map Kibera, mahali ambapo ramani nyingi zilikuwa zimepaacha wazi. Januari 2015 Uber ilipoingia Nairobi, dereva bila ramani hakuwa na kazi, na ramani hiyo ilikuwa kwenye simu iliyobandikwa juu ya skrini ya Kijapani iliyozimwa. Kile ambacho Zenrin walikifanya kwa miongo kadhaa, sisi tulikipata kupitia simu ya mkononi.

Hapo ndipo redio za Android zilipopata soko. Luthuli Avenue na kwingineko utakuta skrini za inchi 7, 9 na 10, zenye Bluetooth, kamera ya nyuma na ramani za Kenya. Unang'oa redio ya zamani na kuweka mpya. Kinachorahisisha kazi ni kipimo cha zamani cha Kijerumani, DIN, ambacho redio ndogo ina milimita 180 kwa 50 na kubwa 180 kwa 100. Toyota za Japani hupenda upana wa 200, ndiyo maana redio ya kawaida huacha mianya pande mbili na fundi anakuuzia plastiki ya kuziba.

Nina mambo matatu ya kukuonya hapa. Kwanza, kataa fundi anayekata plagi ya gari na kusokota waya kwa mkono. Soketi za kuunganishia Toyota za pini 10 na pini 6 zinauzwa, na waya uliosokotwa vibaya nyuma ya dashibodi unaweza kuwasha moto. Pili, redio za Kijapani huzuia video gari likitembea, kwa kuangalia waya wa breki ya mkono. Mafundi wengi huunganisha waya huo kwenye bodi la gari ili redio idhani breki imevutwa daima. Hicho ndicho kizuizi cha pekee cha Kijapani ambacho kilitufikiria sisi pia, na ndicho tunachokiondoa kwanza. Tatu, usitupe redio ya zamani wala kadi yake. Piga picha namba zake, ihifadhi.

Mlango unafungwa tena

Huenda ukasema basi shida imekwisha. Bado. Septemba 2019 Toyota walianza kuuza Corolla mpya nchini Japani ikiwa na Display Audio kama kifaa cha kawaida, skrini iliyounganishwa na gari lenyewe badala ya kukaa kwenye shimo la kawaida la redio. Kwa hesabu yetu ya miaka saba au minane, magari ya aina hiyo ndiyo yanayoshuka Mombasa sasa. Skrini hizi huzungumza na sehemu nyingine za gari kupitia CAN, njia ya mawasiliano ambayo Bosch waliitangaza mwaka 1986. Ukiing'oa unaweza kung'oa pamoja nayo mipangilio ya gari na kamera yake. Bisibisi na ekspanda haviwezi kazi hiyo. Fundi wa kesho itabidi asome data zinazopita ndani ya waya, yaani awe ndugu yangu wa kazi.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wanaosoma kompyuta waangalie. Kwa miaka thelathini mafundi wasio na shahada wamekuwa wakisahihisha dhana za wahandisi wa nchi nyingine kwa kristali, kwa waya na kwa kubahatisha. Wameifanya kazi hiyo vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Sasa tatizo limehamia mahali ambapo sisi tumesomea. Kuna kazi ya kutafsiri menyu, kufungua kadi kwa njia halali, kuandika programu ya kusoma CAN ya Fielder au Fit, na kuwauliza watengenezaji kwa sauti kwa nini mnunuzi wa pili hapewi ufunguo wa mali aliyoilipia.

Na ukiwa unaandika programu yako mwenyewe leo, ya malipo au ya kuagiza boda boda, tazama umepigilia misumari mingapi. Saa ya Nairobi, namba za simu zinazoanza na +254, lugha moja, sarafu moja. Kila msumari ni sahihi leo. Lakini programu, kama gari, huuzwa, huvuka mpaka, na huendelea kufanya kazi mikononi mwa mtu usiyemjua. Yule mhandisi aliyeandika +9 hakuwa mtu mbaya. Hakumwona tu mzee wa teksi wa Nairobi. Sisi tumemwona.